Kuamsha Injini Penye Maporomoko ya Wagenia

Mto unaoitwa Lualaba upande wa kusini na Kongo upande wa kaskazini huvuka mstari wa ikweta kati ya Ubundu na Kisangani, na katika mwendo huo wa takriban kilomita 100 hushuka kwa maporomoko saba, jumla ya mita 60 hivi, la mwisho likiwa hilo ambalo wenyeji na wageni hulijua kwa jina la wavuvi wake, Wagenia. Chini ya hapo maji hutulia na kupanuka, na chombo kilichopakia huweza kuteremka zaidi ya kilomita 1,700 mpaka Kinshasa pasipo kukutana na mwamba wa kukizuia. Juu ya hapo hakuna nahodha, hata awe hodari namna gani, awezaye kupandisha merikebu yake. Kwa hiyo tangu enzi za mitumbwi hadi enzi za malori ya dizeli, Wagenia pamekuwa mahali ambapo kila safari hukatika: kitokacho magharibi husimama, kitokacho mashariki husimama, mizigo hupakuliwa, watu hulala, na asubuhi yake sharti mtu aende kukiamsha kile kilichosimama jana. Yameandikwa mengi juu ya waliofika hapa, na machache mno juu ya taabu ya kuondoka. Nami nionavyo, tarikhi ya ufundi wa Kisangani imo zaidi katika hiyo taabu ya kuondoka.

Wagenia wenyewe taabu hiyo hawakuwa nayo. Wao hupachika magogo marefu katika matundu ya mwamba yaliyochimbwa na maji, huyafunga kwa mitambaazi ya msituni yakasimama kwa miguu mitatu juu ya mkondo, kisha huteremsha migono mikubwa yenye midomo mipana, na kani ya mto ikaingiza samaki humo. Mpelelezi Stanley aliyapita maporomoko hayo Januari 1877, na kazi ambayo wavuvi hao waliifanya zama zile ndiyo waifanyayo leo. Mgono hauna moto ndani yake, wala haujui tofauti ya asubuhi na jioni.

Walakini mtu wa kwanza wa Ulaya kuachwa akae mahali hapo alikuwa mtu wa moto na chuma. Desemba 1883 Stanley alirudi akipanda mto kwa mashua zake tatu za mvuke, En Avant, Royal na A.I.A., na alipotaka mtu wa kuanzisha kituo kisiwani karibu na maporomoko, aliyekubali alikuwa Mskoti mdogo wa umbo aitwaye Binnie, mhandisi wa mashua. Miaka michache baadaye, 1887, Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye ulimwengu humjua kwa jina la Tippu Tip, alipokea uliwali wa Stanley Falls, kama maporomoko haya yalivyoitwa zama hizo. Na Septemba 1890 Joseph Conrad aliwasili kwa meli iitwayo Roi des Belges, akaiteremsha mtoni akiwa nahodha wa muda kwa sababu nahodha wake alikuwa mgonjwa. Majina haya matatu yametajwa mara nyingi pamoja, na jina la Binnie limesahauliwa, ilhali yeye ndiye baba wa kila fundi ambaye baada yake aliinama juu ya injini iliyopoa katika mji huu.

Chombo cha mvuke kina ubaridi wake. Usiku meli zilifungwa ukingoni, watu wakakata kuni, na kabla ya alfajiri mchochea moto alitangulia kuamka peke yake, kwa maana boila iliyopoa haiharakishwi: mabati yake yakipashwa kwa ghafla hupanuka kwa kadiri zisizolingana, viungo vikalegea na kuvuja. Hivyo kuondoka saa kumi na mbili kulitaka moto uliowashwa saa nyingi kabla. Lakini maradhi ya boila hayana siri. Kuni ni mbichi, ama mabomba yamejaa masizi, ama maji yamepungua, na kila moja katika hayo huonekana kwa jicho au husomwa katika saa ya mvuke. Mafundi waliolelewa na mvuke walizoea uwazi huo, na motokaa ilipokuja iliwafadhaisha, kwa kuwa motokaa huficha moto wake ndani ya silinda iliyofungwa, na inapokataa hukataa kimya.

Reli ilitangulia. Tarehe 1 Septemba 1906 kampuni ya reli ya CFL ilifungua njia ya kilomita 125 kutoka ukingo wa kushoto wa mto, unaotazamana na mji, hadi Ponthierville, ndiyo Ubundu ya leo, ili kuyazunguka maporomoko yote saba kwa nchi kavu. Na katika miaka iliyofuata barabara zilianza kuchongwa msituni kwenda kaskazini na mashariki. Habari iliyovuma kuliko zote za motokaa zama hizo ni ya msafara wa Citroën, ulioondoka Colomb-Béchar katika Aljeria tarehe 28 Oktoba 1924 ukiongozwa na Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil, ukavuka Sahara, ukapita Chadi na Bangui, na mwaka 1925 ukaingia Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo. Magari yake yalikuwa 8, yenye magurudumu mbele na mikanda ya mpira nyuma, kila moja likiwa na nembo na jina lake, la Haardt likiitwa Scarabée d'Or. Kutoka hapo yalipenya msitu wa mashariki hadi Kampala, ambako msafara uligawanyika mafungu manne, moja likashika njia ya Mombasa na jingine njia ya Dar es Salaam. Basi injini zilizoamshwa kando ya Kongo ziliamshwa baadaye kando ya Bahari ya Hindi.

Kuamsha injini katika zama hizo kulikuwa kazi ya bega na ya akili pamoja. Starta ya umeme iliwekwa katika magari ya Cadillac mwaka 1912, na Ford haikuitoa kwa gari lake la T mpaka 1919, na hata hapo magari mengi ya makoloni yaliendelea kuamshwa kwa hendeli. Dereva kwanza hurudisha nyuma wakati wa cheche kwa mkono ulio chini ya usukani, kwa maana cheche ikitangulia mno, pistoni hurudi ilikotoka na hendeli hugeuka kwa nguvu kinyume chake; kisha huvuta waya wa choki, hushika hendeli huku kidole gumba kikiwa upande mmoja na vidole vingine ili kisizungushiwe chuma, na huvuta kwenda juu, wala hasukumi kwenda chini. Aliyepuuza moja katika hayo alivunjika kifundo cha mkono, na madaktari wa nchi nyingi waliujua mvunjiko huo kwa kuuona tu. Katika nchi za theluji gari la Ford T lilikuwa na shida zaidi: oili ikipoa huwa nzito, hushikanisha sahani za klachi, na gari hutaka kwenda mbele likimsukuma yule aliye na hendeli; dawa ya wakulima wa Marekani ilikuwa kuinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki kabla ya kuanza.

Dawa hiyo haikuhitajiwa Kisangani, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa kuwa ndipo penye kosa ambalo vitabu vya ufundi vilivyochapwa Ulaya vimewafanyia watu wetu kwa muda mrefu. Vitabu hivyo husema juu ya taabu za injini baridi vikimaanisha jalidi, betri iliyoganda na oili iliyokuwa nta. Mji wa Kisangani uko nusu digrii tu kaskazini ya ikweta. Wastani wa joto lake ni kama digrii 25 mwaka mzima, na usiku wake ni nadra kushuka mbali chini ya 20. Mtu atokaye Brussels angesema hapana baridi hapa ya kuizuia injini yoyote. Pamoja na hayo motokaa kuukuu hukataa asubuhi, tena hukataa sana, na sababu ni kwamba mji huu hupata mvua ipitayo milimita 1,700 kwa mwaka, una mto mpana mbele yake na msitu nyuma yake, na hewa yake ya alfajiri imebeba maji. Adui wa injini ya Kisangani ni umande.

Usiku chuma hupoa upesi kuliko hewa, na unyevu hutua juu yake: juu ya koili, juu ya nyaya za plagi, ndani ya kifuniko cha distribyuta. Umeme unaotakiwa kuruka mdomoni mwa plagi una nguvu ya maelfu ya volti, na kama kila kitu kilicho na nguvu nyingi, hutafuta njia nyepesi. Ukiikuta filamu ya maji iliyochanganyika na vumbi juu ya kifuniko, hupita hapo ukaishia katika mwili wa injini, na plagi haipati kitu. Anayeifungua boneti gizani wakati mwenzake anazungusha starta huweza kuuona umeme huo ukitambaa juu ya nyaya kwa rangi ya samawati. Platini nazo, vile vipande viwili vinavyogusana na kuachana ili koili itoe cheche, hufanya ukungu mwembamba wa kutu usioonekana, unaotosha kuidhoofisha cheche ya kwanza. Ndiyo maana dawa za asubuhi katika nchi zetu zote za ukanda huu ni dawa za kukausha: kitambaa kikavu juu ya nyaya, kifuniko kuanikwa juani, plagi kupashwa moto makaani. Na ndiyo maana gari lililokataa saa kumi na mbili huwaka saa tatu bila kuguswa na mtu, jua likiwa limekwisha kufanya kazi ya fundi, na mwenye gari akabaki akisifu betri aliyoiazima kwa jirani.

Sababu ya pili ni kinyume kabisa cha baridi. Injini iliyozimwa jioni ikiwa moto hukipasha joto kikombe cha kabureta kilicho juu yake, na petroli iliyomo hugeuka mvuke ikaenda zake; asubuhi kikombe ni kikavu, na pampu ya zamani inayosukumwa na injini yenyewe haiwezi kukijaza mpaka injini izungushwe kwa muda mrefu. Betri changa hustahimili, betri kongwe hufa katikati ya kazi, na lawama huiangukia. Pampu nyingi za aina hiyo zina mkono mdogo wa chini ambao mtu huweza kuusukuma kwa kidole mara kadhaa kabla hajagusa ufunguo. Katika ufundi wote wa magari ya kale sijui mahali ambapo juhudi ndogo kama hiyo huokoa gharama kubwa kama hiyo.

Sababu ya tatu imekuja na mto. Mafuta yaliyopandishwa Kisangani kwa miongo mingi yalikuja kwa majahazi na mapipa, na pipa likikaa nusu tupu katika hewa ya namna hii hutokwa jasho ndani, na maji, yakiwa mazito kuliko petroli, huzama chini. Gari linapotembea maji hayo huchanganyika na kupita kwa vipande vidogo, injini ikikohoa na kuendelea. Linapolala hutulia, hukusanyika katika sehemu ya chini kabisa ya tangi na ya kikombe, na tone la kwanza linalovutwa asubuhi ni maji matupu. Madereva wa zamani walichuja petroli kwa ngozi laini ya mnyama iliyotandazwa katika faneli, kwa kuwa ngozi iliyolowa petroli huyazuia maji kupita. Desturi hiyo imeachwa karibu kila mahali, na kwa mwenye gari la kabureta anayenunua mafuta ya chupa kando ya njia ilikuwa desturi njema kuliko nyingi tulizozishika.

Basi fundi mwenye hadhari hafanyi haraka ya kufungua kitu. Kama tabibu, huuliza kwanza: injini inazunguka au haizunguki, na kama inazunguka, ni kwa wepesi au kwa kujikokota? Iliwaka ikafa, au haikuwaka kabisa? Jana usiku mvua ilinyesha? Lilizimwa likiwa limetoka mbali? Inayojikokota huelekeza kwenye betri, vifungo vyake na waya wa kuishikiza mwilini, ambao katika magari makuukuu ndio unaosahauliwa kuliko yote. Inayozunguka vizuri bila kuwaka hutaka plagi itolewe na itazamwe. Plagi kavu yasema petroli haifiki, na njia ya kufuata ni kikombe, pampu, bomba, tangi. Plagi iliyolowa yasema petroli imefika bila kuwashwa, ama kwa kukosa cheche ama kwa choki iliyofungwa kupita kiasi. Maana petroli sharti iwe mvuke ndipo iwake, kwa kadiri ya sehemu 15 za hewa kwa sehemu moja ya petroli kwa uzito, na choki huzidisha petroli kwa sababu sehemu yake hubaki matone katika kuta baridi za bomba. Katika asubuhi ya Kisangani zidisho hilo hutakiwa kwa muda mfupi tu, na dereva anayeuacha waya umevutwa kama afanyavyo mtu wa Ulaya huzamisha plagi zake na kuiosha oili iliyokuwa inazilinda silinda.

Ikiwa cheche ni ya samawati na petroli ipo, lakini injini hukataa ikiwa imepoa na kukubali ikisukumwa, imebaki shaka ya mgandamizo. Hapo mafundi wana mtihani usiotaka chombo chochote: humimina oili kidogo katika tundu la kila plagi, huzungusha injini mara chache, hurudisha plagi na kujaribu tena. Ikiwaka, oili imeziba pengo la ringi zilizochakaa. Isipobadilika, makosa ni ya valvu. Mwenye kuelewa kwa nini mtihani huo unasema kweli ameelewa nusu ya injini.

Injini za dizeli, ambazo zilikuja kutawala njia za kutoka Kisangani kwenda Bunia, Buta na Bukavu, hazina cheche, nazo huwaka kwa joto la hewa iliyogandamizwa. Ringi zikichakaa joto hilo hupungua, na plagi za kupasha joto zikiungua, asubuhi huwa ndefu. Katika habari za dizeli kuna sura moja ya Kongo ambayo haijasimuliwa vya kutosha. Tarehe 31 Agosti 1937 mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Brussels, G. Chavanne, alipewa hataza ya Ubelgiji namba 422877 kwa njia ya kuyageuza mafuta ya mimea, na hasa mawese ya Kongo, kwa kuyachanganya na spiriti, yakawa mafuta mepesi ya injini; mwaka 1938 basi moja lilitembea kwa mafuta hayo kati ya Brussels na Louvain. Haja ya kuyageuza yaeleweka na kila aliyeona chupa ya mawese asubuhi: huganda nusu hata katika joto la ikweta, na injini haiwezi kuyavuta. Chini kidogo ya Kisangani, katika kituo cha utafiti cha Yangambi, Beirnaert na Vanderweyen walichapisha mwaka 1941 siri ya urithi wa mchikichi mwenye gamba jembamba na mafuta mengi, na mbegu za ujuzi huo zilienea duniani kote. Jimbo hili basi lilikuwa na mchikichi bora na njia ya kuufanya uendeshe injini, na likaendelea kungoja mapipa kutoka mbali. Hilo nalihesabu kuwa hasara kubwa.

Yaliyofuata uhuru yaliifanya elimu ya asubuhi kuwa elimu ya lazima. Tarehe 5 Agosti 1964 waasi walioitwa Simba waliuteka mji, na tarehe 24 Novemba askari wa miavuli wa Ubelgiji waliposhuka alfajiri katika uwanja wa ndege, walikuta njia imezibwa kwa mapipa na magari. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kuwa biashara za wageni zitapita mikononi mwa raia. Maduka na gereji za Wagiriki, Wareno na Wahindi zilibadili wenyewe, na vipuri vilivyokuwa vikiagizwa kwa barua vikakoma kuja. Barabara zikamezwa na msitu. Katika vita vya mwishoni mwa karne mto nao ulifungwa, na kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji, wakafa raia wengi. Petroli ikawa adimu, na usafiri wa Kisangani ukawa baiskeli za abiria ziitwazo toleka, ambazo hazina cha kuamshwa asubuhi. Gari lililobaki likitembea katika miaka hiyo lilibaki kwa sababu fundi mmoja alijua kutofautisha kilichochakaa na kilicholowa, kwa kuwa kukosea kati ya hayo mawili kulimaanisha kutupa kipuri ambacho hapangepatikana kingine.

Sasa pikipiki zimechukua mahali pa toleka, na magari mapya huwaka kwa kompyuta. Walakini zipo bado Land Rover, Peugeot 404 na Volkswagen za kale kutoka Kisangani hadi pwani, na wapo wazee waliozihudumia, ambao elimu yao imekaa vichwani na mikononi tu. Mwenye daftari la gereji, kitabu cha safari za lori, picha ya karakana au kumbukumbu ya majina ambayo mafundi wa mji huu walivipa vyombo vyao na maradhi yake, na aviandike kwa Kiswahili, na shule za ufundi za Kisangani zivipokee na kuvichapa, wenyewe wakiwa bado hai na tayari kusahihisha.